Tasnim na Maiki ya Masikio Mawili

Tasnim hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti ataketi ukingoni kama anayengoja kuitwa, kisha atainuka kuangalia kama mlango umefungwa, atarudi, atainuka tena kuchungulia dirishani. Tabia hiyo alikuwa nayo tangu utoto wake Buyenzi, kule Bujumbura, lakini mwaka huo ilizidi. Jengo walilokaa yeye na mumewe Saint-Gilles, huko Ubelgiji, lilikuwa nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, ngazi zake za mbao zinalia kila zikikanyagwa, na majirani walizoea kumsikia akipanda na kushuka kana kwamba kila mara amesahau kitu chini.

Siku za kazi alikuwa katika nyumba ya wazee huko Koekelberg, akiogesha na kuvisha vikongwe wa Kibelgiji waliomwita "ma petite", yaani mdogo wangu, ingawa alishavuka arobaini. Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipiga video za harusi, upande wa wanawake. Katika familia za Waislamu waliotoka Bujumbura, wanawake wakishafunga mlango wa ukumbi na kuvua mitandio hawataki kumwona mwanamume na kamera humo ndani. Kwa hiyo Tasnim alitafutwa kuanzia mtaa wa Evere mpaka Anderlecht, na mwezi wa harusi nyingi hakuwa na Jumamosi hata moja ya kupumzika.

Alianza kwa simu, akanunua kamera, lakini alichokipenda hasa ni sauti. "Picha kila mtu anapiga," alikuwa akisema. "Sauti ndiyo kazi." Maiki iliyokuja na kamera ilikuwa ya mono, yaani inachukua sauti moja tu na kuitoa sawasawa pande zote mbili. Baadaye akanunua ya stereo. Hii ina masikio mawili ndani yake, moja linasikiliza kushoto na jingine kulia, na ukija kuvaa hedifoni unasikia kila mtu mahali pake aliposimama. Mara ya kwanza kuijaribu, ngoma zilikuwa kushoto mwa ukumbi na wapiga vigelegele kulia. Aliposikiliza nyumbani, mwanamke mmoja alipiga kigelegele karibu sana na bega lake la kulia hata Tasnim akageuka kumtazama. Nyuma yake kulikuwa na friji tu. Alicheka peke yake jikoni. Tangu siku hiyo mono hakuitaka tena. Alisema kusikiliza mono ni sawa na kutazama harusi kwenye tundu la funguo.

Mumewe, Fahad, alikuwa dereva wa basi. Binti yao mmoja, Hawa, alikuwa anasoma mji wa Liège, anarudi sikukuu tu. Fahad alikuwa mtu wa maneno machache lakini ya kuchekesha. Mwaka huo hata hayo machache yalikauka. Anarudi kazini, anavua viatu, anakula, anaosha sahani yake mwenyewe, anaingia chumbani na simu. Mwanzoni Tasnim alidhani ni uchovu. Baadaye akaanza kudhani mengine, na kila alipoyadhani alikosa raha zaidi, akatafuta kazi ya kufanya kwa mikono: kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa, kufuta meza isiyo na kitu.

Majira ya baridi alikuwa ameugua mafua makali, na kizunguzungu kilichomfanya ashike ukuta akienda msalani. Alipopona, sikio la kulia lilibaki likivuma kama friji ya zamani. Alijua limeziba. Alitia mafuta ya uvuguvugu, akangoja lizibuke, kazi zikawa nyingi, akasahau. Simu akaizoea upande wa kushoto. Kitu pekee kilichomsumbua ni kwamba watu wakimwita njiani aligeuka vibaya. Mtu anamwita sokoni pale Midi, yeye anatazama ng'ambo, anazunguka mara mbili kama kuku kabla ya kumwona aliyemwita. Alisema ni akili kuchoka.

Basi mwezi wa sita akapiga video ya harusi ya Aïcha, msichana wa Evere, mtoto wa watu wa Buyenzi kama yeye. Bibi yake Aïcha aliletwa kutoka Bujumbura kwa ajili ya siku hiyo. Katikati ya shughuli bibi aliomba ngoma zinyamaze, akamkalisha bibi harusi mbele yake kwenye mkeka na kumfunda pale pale mbele ya wanawake wote, kwa sauti nyembamba isiyotetemeka, mpaka wengine wakalia. Tasnim alimaliza kazi, akaisikiliza yote kwa hedifoni, akaridhika, akaituma.

Siku chache baadaye Aïcha, aliyezoea kumwita "tantine", yaani shangazi, akapiga simu.

"Tantine, video nimeipata, merci. Mais sauti haiko."

"Haiko namna gani?"

"Haiko tu. Bibi anafungua mdomo, hasikiki. Nilikuwa kwenye tram naangalia, nikasema labda ni makelele ya watu. Nimefika nyumbani, vile vile."

"Aïcha, ile video niliisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Sauti iko safi. Angalia simu yako."

"Simu yangu haina kitu, tantine."

Tasnim alikata simu akaenda kuisikiliza tena, amesimama, mkono mmoja kwenye meza. Bibi alisikika vizuri. Akaandika: sauti iko. Aïcha akajibu: haiko. Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa mama yake Aïcha, wa polepole, na huo upole ndio uliomtia hofu. "Tasnim, bibi wa mtoto amesharudi Bujumbura. Umri wake unaujua. Hatutampata tena kusema yale maneno. Donc ukituambia sauti iko wakati haiko, tutafanya nini?"

Kesho yake alitoka kazini hajapita hata nyumbani, akapanda basi kwenda Evere. Ndani ya basi alisimama ingawa viti vilikuwepo.

Aïcha alimfungulia, akamkaribisha sebuleni kwa heshima, akaleta chai. Tasnim hakuigusa. "Nionyeshe," akasema.

Aïcha alikuwa na vipokea sauti vya waya, vile vidogo vya kutia masikioni, ambavyo yeye na mama yake waliitazamia video. Cha kushoto kilikufa zamani, alisikilizia cha kulia tu. Akampa hicho. Tasnim akakitia sikio la kulia, Aïcha akaiwasha video. Bibi akafungua mdomo. Kimya.

"Si unaona?"

"Naona kitu chako kimekufa, mwanangu. Umesema mwenyewe kimoja kimekufa. Na hiki nacho kimekufa."

"Apana, tantine. Ngoja." Aïcha akafunga video, akaweka muziki. "Sikiliza sasa."

Tasnim akasikiliza. Kimya. "Kimekufa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu jana akapumua.

Aïcha akakichukua, akakitia sikioni mwake. Kichwa chake kikaanza kufuata mdundo. Akamtazama Tasnim kwa mshangao. "Unanichezea? Mbona muziki unapiga?"

Tasnim akakirudisha. Safari hii, bila kufikiri, alikitia sikio la kushoto. Muziki ukaingia, ngoma na gitaa na watu wanaitikia. Akakitoa, akakihamishia kulia. Kimya. Kushoto: muziki. Kulia: kimya, na ule mvumo wa friji.

"Weka bibi tena," akasema.

Aïcha akaweka. Tasnim akasikilizia sikio la kushoto, lile zima. Bibi akafungua mdomo, na hata huko hakusikika.

Hapo akaelewa kwamba makosa ni mawili. La kwanza, video yenyewe upande wa kulia haina sauti, sauti yote imekwenda kushoto. Aïcha ana kipokea sauti cha kulia tu, kwa hiyo hawezi kusikia kitu. La pili ni la kwake. Sikio lake la kulia halikuziba; limekufa. Na kwa kuwa limekufa, kila alipovaa hedifoni alisikia upande wa kushoto peke yake, na upande huo haukuwa na kasoro.

La kwanza alilisema. "Ni waya," akamwambia Aïcha. "Maiki yangu ina waya umekatika ndani. Sauti ya bibi iko yote, iko upande mmoja tu. Nitaitandaza pande zote mbili, nitakutumia. Pole sana, mwanangu. Nimekuhangaisha."

La pili alilimeza. Akaaga kwa haraka hata mtandio ukabanwa na mlango.

Kwenye kituo cha basi, magari yakipita, aliziba sikio la kushoto kwa kidole. Evere nzima ikazimika. Magari yalikwenda kama picha. Mwanamke aliyekuwa karibu naye alikuwa anasema na simu, midomo inacheza. Tasnim akaachia kidole, makelele yakarudi yote upande mmoja. Akakiweka tena, akakiachia tena. Alifanya hivyo mpaka yule mwanamke akasogea mbali kidogo.

Nyumbani alifungua kompyuta. Katika programu ya kukatia video kuna nguzo mbili ndogo za rangi ya kijani zinazopanda na kushuka kwa sauti, moja ya kushoto, moja ya kulia. Zamani alizitazama; alipopata hedifoni nzuri akaziacha, akasema masikio yake yanatosha. Sasa akaziangalia. Ya kushoto ilirukaruka. Ya kulia ililala chini, haina uhai. Akaupindapinda waya wa maiki karibu na kichwa cha kuchomekea, mahali unapokunjwa mkobani kila Jumamosi, na ghafla ile nguzo ya kulia ikaruka, ikalala tena. Waya ulikuwa umekatika pale.

Dawa ya sauti ya bibi ilikuwa rahisi. Alichukua sauti ya kushoto akainakili kulia, pande zote zikawa na kitu kimoja. Stereo ikageuka mono. Kwa maneno ya bibi haikuharibu kitu, maana bibi alikuwa mmoja na alikaa mahali pamoja. Aïcha alijibu kwa mioyo mingi na maneno machache: "Sasa ninamsikia, tantine. Mama analia." Lakini sehemu ya ngoma ilimchoma Tasnim. Watu wote, wapigaji, waimbaji, wapiga vigelegele, walionekana wametapakaa ukumbini, sauti zao zikatoka zimerundikwa mahali pamoja, kama wamekwama mlangoni.

Akafungua harusi nyingine, na nyingine ya nyuma yake. Tangu machipuko, nguzo ya kulia ilikuwa imelala. Watu waliozipokea video hizo hawakusema kitu, pengine waliangalia kwenye televisheni, pengine waliona haya. Akanunua waya mpya, akaujaribu kwenye harusi ya Jumamosi, nguzo mbili zikacheza. Hata hivyo nguzo zinakuonyesha wingi wa sauti, hazikuambii kama sauti hiyo inapendeza au inakwaruza. Alihitaji mtu mwenye masikio mawili.

Kwa wiki nzima alijizuia. Kazini aliwaogesha wazee huku akizunguka kila kitanda ili awapate upande wa kushoto. Njiani karibu na Porte de Hal tram, lile treni la barabarani, ilipiga kengele nyuma yake, akaisikia vizuri kabisa, akaruka kuelekea upande ule ule ilikotokea. Dereva alifunga breki, akafungua dirisha na kumtukana kwa Kifaransa. Tasnim alisimama kwenye ukingo wa njia, akajua sasa kwa nini miezi yote ile amekuwa akigeukageuka. Alisikia kila kitu, hakujua kinatoka wapi.

Jumapili, baada ya adhuhuri, Fahad alikuwa jikoni anamenya chungwa. Tasnim akaleta kompyuta na hedifoni, akaviweka mbele yake.

"Baba Hawa, nisaidie. Sikiliza hapa, uniambie upande wa kulia unatoka vipi."

Fahad hakuinua macho. "Sikiliza mwenyewe. Wewe ndiye fundi."

"Nakuomba."

"Unaniomba." Akaweka kisu chini. "Mama Hawa, miezi mingapi huniongeleshi? Leo una kazi yako ya harusi, umenikumbuka."

"Mimi sikuongeleshi? Mimi? Wewe ndiye unaingia humu kama mpangaji!"

"Mpangaji anajibiwa akisema bonjour."

Tasnim alikuwa amesimama. Akaenda dirishani, akarudi. "Lini nimekunyima jibu? Niambie siku moja."

Fahad alilitazama chungwa. Ilionekana hataki kusema, kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetema mbegu. "Ile siku tulitoka kumsindikiza Hawa gare kupanda treni. Tuko kwenye tram. Wewe dirishani kama kawaida yako, mimi upande huu. Nilikuita jina lako, Tasnim, jina ambalo sijakuita tangu mtoto azaliwe. Nikakuuliza kama bado unanitaka. Ukatazama nje. Nikangoja mpaka tukashuka. Bon, nikasema nimejibiwa."

Tasnim akaushika ukingo wa meza. Aliikumbuka tram ile. Alikumbuka mvua kwenye kioo, na Fahad kando yake amenyamaza, na yeye akiona huzuni kwamba mtoto amekwenda na baba yake hana hata neno la kumfariji.

"Sikukusikia," akasema.

"Eh. Mtu amekaa bega kwa bega nawe."

"Baba Hawa, sikukusikia. Wallahi."

"Tram ile ilikuwa tupu, hata redio haikuwepo. Usiape."

Tasnim akamshika mkono akamwinua kwenye kiti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia, akamsimamisha upande wake wa kulia, karibu. Kisha akaziba sikio lake la kushoto kwa kiganja na kufumba macho. "Sema kitu," akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Chochote. Nitukane."

Hakuna kilichotokea. Alingoja gizani na ule mvumo wake. Alipofumbua macho, Fahad alikuwa anamtazama, uso wake umebadilika.

"Nimesema mara tatu," alimwambia, baada ya kumwondolea kiganja sikioni. "Mara ya mwisho nimepiga kelele. Jirani wa chini amegonga dari."

Tasnim akaketi. Siyo ukingoni, aliketi mzima. Akamweleza yote, mafua, kizunguzungu, mafuta ya uvuguvugu, Aïcha na kipokea sauti chake, kengele ya tram. Fahad alimsikiliza amesimama, chungwa mkononi limemenywa nusu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi, na wewe umenyamaza? Nilifikiri una mwanamke."

"Mwanamke!" Fahad akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi nilikuwa nangoja uniambie nihame. Kila nikikuta umekunja nguo zangu najiuliza, ndiyo leo?"

"Uliza tena sasa. Niko nakusikia."

"Siulizi mara mbili. Niko polisi?"

"Basi nakujibu hivyo hivyo. Nakutaka. Ningekuwa sikutaki ningekufulia mashati yale ya kola ngumu?"

"Mashati hata mashine inafua," Fahad akasema, lakini alisogeza kiti upande wa kushoto wa mkewe, akaketi, akavaa hedifoni. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mwisho akasema kulia kuna mwanamke anayepiga kigelegele kama filimbi ya refa, amtoe. Tasnim akaruka kwenda kutafuta kalamu.

Wiki ya pili yake walikwenda pamoja kwa daktari wa masikio. Walimfungia katika chumba kidogo, wakampigia milio, akabonyeza kitufe kila aliposikia, na kwa upande wa kulia mkono wake ulikaa bila kazi. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimwambia ni mshipa wa kusikia ulioathirika, huenda wakati wa yale mafua. Angekuja siku zile zile za kwanza wangejaribu dawa. Sasa sikio halitarudi. Kuna mashine, alisema, ya kuvaa masikio yote mawili, inachukua sauti upande uliokufa na kuipeleka upande ulio hai. "Lakini utasikia vyote kwa sikio moja," akaongeza. "Haitakurudishia pande mbili."

"Mono," alisema Tasnim.

"Ndiyo, madame. Mono."

Alitoka pale akatembea kwa kasi, Fahad nyuma yake karibu anakimbia. Hakulia. Alisema atauza maiki. Walipofika nyumbani akasema atauza na kamera. Baada ya chakula akasema hauzi kitu. Fahad aliitikia kila moja, sawa, sawa, sawa, mpaka Tasnim akamkasirikia kwa kuitikia.

Mashine walimpa aijaribu. Hakuipenda. Sahani zikigongana mkono wa kulia zilimlia kushoto, na mzee wa chumba cha kwanza akikohoa alishtuka kila mara. Kuna siku aliivaa na kuna siku aliisahau makusudi kwenye droo. Katika harusi aliamua hivi: popote mtu mmoja anaposema, awe bibi au shehe au mama mtu, atamvalisha maiki ndogo ya mono kifuani na kuziangalia nguzo kwa macho. Maneno yalitoka safi kuliko zamani, maana ile stereo yake ilichukua na vikohozi vya ukumbi mzima. Ngoma aliziacha kwa stereo, akaziombea heri, na nyumbani Fahad akamsikilizia. Kabla ya kukubali kazi aliwaambia watu ukweli. Familia moja ya Anderlecht ilimshukuru kwa kusema na ikatafuta mtu mwingine. Hilo lilimuuma siku nyingi.

Mwezi wa kumi akapigiwa simu na mama Mkongo asiyemjua.

"Ni miye maman Rolande, wa hapa Evere. Siye tuko na kwaya, tunatoka Bukavu na Uvira. Kwaya inatimiza miaka vingt, miaka makumi mbili. Balinionyesha video ya ule bibi mwenye alifunda mujukuu wake. Ile sauti ilinishika roho. Tunataka utupige na siye."

"Maman, kwanza nikuambie. Sikio langu la kulia halisikii."

"Ata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Alors kwaya utaisikia je? Siye tuko batu trente, makumi tatu. Basoprano huku, babaume kule. Bikitoka byote pamoja kama mufuko ya mihogo, batu batanicheka."

"Nitatumia stereo. Na nitakuja na mume wangu, yeye atasikiliza. Kama hamna shida mwanamume aingie."

"Shida gani? Ni kanisa, maman, si bafu. Akuje."

Ndivyo Fahad, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuona mkewe akifanya kazi kwa kuwa alikofanya kazi wanaume hawaingii, alivyojikuta Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa huko Evere, amevaa suti ya Idi na hedifoni kubwa kichwani, ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kamera. Walikuwa wamekubaliana. Kushoto kukizidi, ainue mkono wa kushoto. Kulia kukizidi, wa kulia. Kikikwaruza, aguse pua.

Tasnim hakutulia. Alisogeza maiki mbele, akairudisha, akaizungusha kidogo. Alitaka mpiga gitaa asogee, akaona haya kumwambia, akamwambia. Nyimbo za mwanzo Fahad alifanya kazi yake kama askari wa barabarani, mikono inapanda na kushuka, na Tasnim akafuata, jicho moja kwenye nguzo na jingine kwa mumewe. Sauti za wanawake zilikuwa zinatoka kushoto, Fahad alimwambia baadaye, na za wanaume kulia, na katikati kabisa, juu kidogo, sauti ya maman Rolande peke yake. Tasnim alisikia kwaya moja kubwa iliyosimama upande mmoja wa kichwa chake. Ilikuwa nzuri. Aliimeza hivyo.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kasi. Ngoma ikaingia, wanaume wakaanza kuitikia kutoka chini ya matumbo yao, watu wakasimama kwenye viti. Tasnim akatazama nguzo na kuona ya kulia inaruka mpaka kwenye wekundu, alama ya sauti iliyozidi, inashuka, inaruka tena. Akamtafuta Fahad. Fahad hakuwa ameinua mkono wowote. Alikuwa amesimama, macho amefumba, hedifoni kichwani, anapiga makofi kwa nguvu zake zote, kando kabisa ya maiki.

Alimfinya. Alikuwa amechelewa, kwaya ilikuwa inamaliza.

"Umeniulia wimbo, Baba Hawa," alimwambia wakiwa njiani kuelekea kituoni, begi la kamera begani. "Wimbo wa mwisho! Makofi yako yako juu ya kwaya nzima."

"Sijaua. Nimeongeza."

"Umeongeza nini? Nani alikuita upige makofi? Maman Rolande ataniuliza huyu ni nani."

"Mwambie ni mtu wa kulia." Fahad alikuwa bado ana jasho. "Wewe hukusikia vile ulivyokuwa, Mama Hawa. Wale wanaume walikuwa hapa." Akagonga sikio lake la kulia. "Hapa kabisa! Ningekaa vipi?"

"Kwa kukaa! Kazi yako ilikuwa kukaa!"

"Wewe umewahi kukaa?"

Tasnim alisimama njiani amjibu, akaendelea kutembea, akarudi kumjibu. Basi lilipofika walipanda wakiwa bado wanabishana, yeye akidai makofi yanaweza kukatwa akiinakili sauti ya kushoto kulia, Fahad akiapa kwamba akithubutu kuwarundika wanaume wale mlangoni atakwenda mwenyewe kumwambia maman Rolande. Waliendelea hivyo kituo baada ya kituo, sauti ikipanda, mpaka mama mmoja wa Kibelgiji aliyeketi mbele yao akageuka kuwatazama, na wote wawili wakamwambia pardon kwa pamoja, kisha wakaendelea.